El Adde: Marais Watatu Katika Msiba Usio na Idadi

Tarehe 27 Januari 2016, marais watatu walikutana katika Kambi ya Moi mjini Eldoret kuomboleza wanajeshi wa Kenya. Mwenyeji wao alikuwa Rais Uhuru Kenyatta. Pamoja naye walikuwa Muhammadu Buhari wa Nigeria, aliyekuwa amewasili nchini kwa ziara ya kiserikali, na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, ambaye ni katika nchi yake wanajeshi hao walikouawa siku 12 zilizotangulia. Ibada ilikuwa ya dini mbalimbali, wajane na wazazi walikuwepo, na gwaride lilikuwepo. Si mara nyingi Amiri Jeshi Mkuu wa nchi yoyote hufika kambini upesi namna hiyo, akiwa na wenzake wawili wa hadhi yake, kuwafariji wafiwa wa kikosi kimoja. Anayeuliza tu kama kiongozi alihudhuria au hakuhudhuria hatapata kosa lolote hapa, na ndiyo sababu nimekichagua kisa hiki. Lawama zinazowapata viongozi kuhusu wanajeshi waliokufa vitani kwa kawaida huwa ni za kutofika: alikwenda kwingine, alituma mwakilishi, aliondoka mapema. Eldoret alifika, na bado mpaka leo kuna jambo ambalo halikutimizwa.

Ni vyema kwanza kueleza kilichotokea. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka uliofuata yakaunganishwa na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. El Adde ni mahali katika eneo la Gedo, kusini-magharibi mwa Somalia, ambapo wanajeshi wa Kenya walikuwa na kambi. Waliokuwa zamu mwanzoni mwa 2016 walitoka Batalioni ya 9 ya Kenya Rifles, ambayo makao yake ni Eldoret. Alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari, wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia kwa gari lililojazwa vilipuzi, kisha wakaingia kambini kwa bunduki na kuiteka. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema kwamba kambi iliyoshambuliwa ilikuwa ya jeshi la Somalia iliyokuwa jirani, na kwamba Wakenya walikwenda kusaidia. Maelezo hayo hayakudumu. Siku tatu baadaye miili minne ya kwanza ilipokewa katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, naye Waziri wa Ulinzi, Raychelle Omamo, akiwa hapo. Miili mingine ilifuata, baadhi ikiwa katika hali iliyolazimu uchunguzi wa vinasaba kabla ya kukabidhiwa jamaa.

Serikali ya Kenya haikutangaza idadi ya waliokufa wakati ule, na hadi ninapoandika haijaitangaza. Al-Shabaab walidai wameua zaidi ya 100. Mei 2016 kituo cha televisheni cha CNN kiliripoti kwamba waliouawa hawakupungua 141, hesabu ambayo, kama ni sahihi, inalifanya shambulio hilo kuwa pigo kubwa kuliko yote ambayo jeshi la Kenya limewahi kupata tangu uhuru. Nasema kama ni sahihi kwa sababu msomaji hana hesabu rasmi ya kuilinganisha nayo.

Twende sasa kwenye wajibu wenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 131, inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Haisemi popote kwamba ahudhurie maziko, aweke shada la maua, au asimame mizinga inapopigwa. Wajibu huo unatokana na jambo la zamani kuliko katiba: anayemtuma mtu mahali pa kufia anadaiwa. Askari hakwenda Gedo kwa hiari yake kama mfanyabiashara anavyovuka mpaka. Alipewa amri, na amri hiyo, ukiifuata ngazi kwa ngazi kutoka kwa koplo hadi juu, inaishia mezani pa mtu mmoja. Mtu huyo anapokuja kwenye msiba, haji kama jirani mwema wala kama mwanasiasa aliyealikwa, bali kama mwenye amri. Ndiyo maana mwakilishi, hata awe waziri mwenye heshima zake, huwa hatoshi, na ndiyo maana wafiwa hutazama uso wa kiongozi kwa namna ambayo hawautazami wa mgeni mwingine yeyote.

Kwa upande huu, Eldoret ilikuwa hafla iliyokamilika kuliko nyingi. Wajane walimwona aliyewatuma waume zao. Kuwepo kwa Hassan Sheikh Mohamud kuliongeza jambo ambalo hafla za aina hii hulikosa, kwani yule ambaye damu ilimwagika kwa ajili ya nchi yake alikuja kuketi mbele ya wenye damu. Kuwepo kwa Buhari, ambaye jeshi lake lilikuwa likipambana na Boko Haram, kuliwapa waombolezaji fununu kwamba msiba wao haukuwa wao peke yao. Siyabezi haya hata kidogo. Wapo wanaosema hafla hiyo ilikuwa maonyesho matupu, nami siungani nao, kwa sababu rais anayetaka kujionyesha hachagui kukaa mbele ya wazazi waliofiwa ndani ya wiki mbili za kushindwa vitani.

Shida ilikuwa katika kile ambacho hafla haikubeba. Katika mazishi ya Kenya, iwe ni Bungoma, Kitui au Kilifi, kuna kipengele kisichoachwa: wasifu wa marehemu. Mtu husimama akasoma kwamba fulani alizaliwa mwaka huu, mtoto wa nne wa fulani na fulani, akasoma shule hii, akaajiriwa pale, akaoa, ameacha mjane na watoto kadhaa. Hata mtu ambaye hakuwa na cheo wala shamba husomewa wasifu wake, na waombolezaji hukaa kimya juani mpaka uishe. Kusoma wasifu ni kukiri hadharani kwamba aliyekuwepo alikuwepo. Dola ilipofanya matanga yake Eldoret ilileta kila kitu isipokuwa hicho. Taifa liliambiwa kwamba mashujaa wamekufa, wala halikuambiwa ni wangapi, na halikupewa orodha rasmi ya majina ambayo mtu wa Garissa au wa Mombasa angeweza kuisoma akajua ni nani waliokufa kwa niaba yake.

Waswahili husema kifo cha wengi ni arusi, yaani msiba ukiwagusa wengi kwa pamoja uzito wake hupungua kwa kugawanywa. Lakini methali hiyo hudhani kwamba wengi hao wanajulikana kuwa wengi. Mjane asiyejua kama mume wake alikuwa mmoja kati ya 20 au mmoja kati ya 150 hana wa kugawana naye, kwa kuwa hajui wafiwa wenzake wako wapi wala ni wangapi.

Na hapa ndipo kisa kinapogeuka kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeona haya kuibuni. Februari 2016, wiki chache baada ya Eldoret, Rais wa Somalia alihojiwa na televisheni ya Kisomali. Alikuwa akieleza kwa nini alikwenda Kenya kuhudhuria maombolezo, na katika kujieleza akasema kwamba wanajeshi waliouawa katika asubuhi ile moja walikuwa takriban 180 au wanakaribia 200. Jeshi la Kenya lilikanusha mara moja. Iwe hesabu hiyo ni ya kweli au iliongezwa, tazama hali ilivyokuwa: wananchi wa Kenya walisikia idadi ya maiti wao kwa mara ya kwanza kutoka kwa kiongozi wa nchi kinywani kwa mgeni aliyekuja kuwapa pole. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Safari hii mgeni alisema ambalo mwenyeji hakutaka kulisema, na mwenyeji hakupona. Kukanusha kulizidisha jeraha, kwa kuwa hakukufuatwa na hesabu nyingine. Ukimwambia mtu kwamba 180 si kweli, yeye atakungojea umwambie ambalo ni kweli.

Haki inataka hoja za upande wa pili zisikilizwe, nazo si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba vita havikuwa vimekwisha. Jeshi linalotangaza hasara yake kwa ukamilifu humpa adui kipimo cha kazi yake, na Al-Shabaab ni kundi linalopigana kwa picha na video kama linavyopigana kwa risasi. Ya pili ni kwamba familia zina haki ya kupata habari kutoka kwa afisa anayebisha hodi mlangoni, si kutoka redioni, na kazi hiyo huchukua siku. Ya tatu ni ya kiufundi: pale miili isipotambulika, na wengine wakiwa hawajulikani walipo au wametekwa, idadi ya siku ya kumi na mbili inaweza kuwa ya uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Kiongozi anayetaja 90 leo na 140 baada ya mwezi ataonekana mwongo hata kama mara zote mbili alisema alichokijua.

Hoja ya pili na ya tatu nazikubali kwa tarehe 27 Januari. Kama Rais angesimama Eldoret akasema kwamba utambuzi wa miili unaendelea, kwamba wapo ambao hatujui walipo, na kwamba orodha kamili itatolewa hadharani kila familia itakapokuwa imepewa habari, sidhani kama kungekuwa na kisa cha kuchambua. Lakini hoja hizo ni za muda, na muda wake uliisha. Vinasaba vilipimwa, maafisa walibisha hodi, majeneza yalifika vijijini. Ya kwanza, ile ya adui, ndiyo iliyobaki, nayo inapungua nguvu ukiitazama kwa makini. Al-Shabaab walikuwa wameiteka kambi. Walitembea katikati ya maiti na kuwapiga picha. Wao hawakuhitaji kuambiwa idadi na mtu yeyote. Vilevile wanakijiji walijua, kwa sababu kila jeneza lililofunikwa bendera lilipokelewa mchana kweupe, likasindikizwa na wanajeshi na kuzikwa mbele ya halaiki. Siri ikawa ya ajabu: kila kijiji kilijua aliyekufa wake, adui alijua wote, na aliyefichwa alikuwa ni taifa kwa ujumla wake, yule yule ambaye hafla ilifanywa kwa jina lake.

Ibara ya 35 ya Katiba inaitaka dola ichapishe na kutangaza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Wanasheria wanaweza kubishana kuhusu mipaka ya ibara hiyo panapohusika usalama, na mipaka ipo. Hata hivyo ni vigumu kufikiria habari inayoligusa taifa kuliko idadi ya raia wake waliouawa siku moja wakiwa wamevaa sare yake. Pengo lililoachwa na ukimya lilijazwa na uvumi, na uvumi ulijibiwa kwa mkono wa dola: mwandishi mmoja wa habari alikamatwa mwezi huo huo kwa yale aliyoandika mitandaoni kuhusu shambulio hilo. Hivyo katika Januari ile ile dola iliwaenzi wafu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikamkamata aliyeandika habari zao.

Wengine husema kwamba Waafrika hatuhesabu watu wetu, kwamba kudai idadi ni tabia ya kigeni. Historia ya karibu ya Kenya yenyewe inakataa. Miezi tisa tu kabla ya El Adde, tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Idadi iliyotangazwa kwanza ilikuwa 147, na Wakenya walianzisha wenyewe kampeni mitandaoni iliyosisitiza kwamba 147 si namba tu; wakakusanya majina na picha za vijana wale, wakaeleza kila mmoja alikuwa nani na alipenda nini. Hawakuambiwa na serikali kufanya hivyo. Walianzia kwenye idadi iliyotolewa, wakairudisha kuwa watu. Kwa El Adde hawakuwa na pa kuanzia.

Jirani wa magharibi anatoa mfano mwingine. Mei 26, 2023, Al-Shabaab walishambulia kambi ya Waganda huko Buulo Mareer, katika Somalia hiyo hiyo, chini ya mwavuli wa Umoja wa Afrika. Wiki moja baadaye Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba wanajeshi 54 waliuawa, na akaeleza pia kwamba wapo makamanda waliotoa amri isiyofaa ya kurudi nyuma ambao wangeshtakiwa. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kumwambia Museveni kuhusu uwazi katika mambo mengine, na sitaki kumfanya kielelezo. Lakini idadi ilitajwa na mwenye amri mwenyewe, vita vingali vinaendelea, na jeshi la Uganda halikusambaratika kwa kutajwa kwake. Hofu kwamba ukweli ungevunja ari ya askari ingestahili uzito zaidi kama si mfano huu, kwani adui ni yule yule na nchi ya mapigano ni ile ile.

Wala haiwezi kusemwa kwamba jeshi la Kenya halina desturi ya kutaja wafu wake. Helikopta ya kijeshi ilipoanguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 na kumuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wenzake tisa, Rais William Ruto alitoa tangazo jioni ile ile, maombolezo ya kitaifa ya siku tatu yakatangazwa, na majina ya wote kumi, pamoja na wale wa vyeo vya chini, yakajulikana nchini kote. Ni kweli ajali si shambulio. Lakini mfumo wa kuarifu familia, kuthibitisha na kutangaza upo, na ulifanya kazi kwa saa chache. Kinachotofautisha ni kwamba ajali humwachia kiongozi huzuni peke yake, ilhali kambi iliyotekwa humwachia na maswali: nani aliwaweka pale, kwa nini msaada ulichelewa, onyo lilikuwepo au halikuwepo. Hapo ndipo naamini sababu halisi ya ukimya ilipo. Idadi ikitajwa, swali linalofuata ni kwa nini, na ripoti ya uchunguzi wa ndani wa jeshi kuhusu El Adde haijachapishwa kwa umma.

Katikati ya Nairobi, kando ya barabara ya Kenyatta, kuna mnara wa askari watatu wa shaba uliowekwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika. Maandishi yake, yaliyo kwa Kiswahili pia, yanamwambia askari kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Mnara wenyewe hauna jina hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Tuliwalaumu Waingereza kwa haki. Walikuwa na sherehe, shaba na shada za maua, na walikuwa na kisingizio ambacho serikali ya Nairobi ya 2016 haikuwa nacho, yaani kwamba daftari za wapagazi zilikuwa mbovu. Jeshi la leo lina namba ya huduma ya kila askari, cheo chake, jina la mkewe na akaunti inakoingia mshahara wake.

Kenya huadhimisha Siku ya KDF, yaani ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, kila 14 Oktoba, kukumbuka kuingia Somalia mwaka 2011 na kuwaenzi waliokufa. Hafla hiyo inayo kila kinachohitajika, mahali, siku na Amiri Jeshi Mkuu, na orodha ya El Adde ingeweza kusomwa hapo katika muda usiozidi dakika 15. Hakuna operesheni inayoendelea ambayo ingehatarishwa na jina la mtu aliyezikwa Januari 2016. Lakini mwaka mmoja kamili baada ya hafla ya Eldoret, tarehe 27 Januari 2017, kambi nyingine ya Wakenya ilishambuliwa, hii ikiwa Kulbiyow. Safari hii jeshi lilitoa idadi, likasema wamekufa 9. Al-Shabaab walitaja idadi kubwa zaidi, na wapo Wakenya wengi waliowaamini magaidi kuliko jeshi lao. Naona hiyo kuwa gharama nzito kuliko zote za El Adde. Ukimya wa mara ya kwanza uliharibu neno la mara ya pili, hata kama neno hilo lilikuwa la kweli.

Na wapo ambao kwao hata orodha isingemaliza jambo. Baadhi ya waliokuwa kambini hawakurudi hai wala maiti. Chini ya Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake huchukuliwa kuwa amefariki. Kwa waliopotea El Adde, miaka hiyo ilitimia 15 Januari 2023. Tangu siku hiyo mke wa askari wa namna hiyo anaweza kwenda mahakamani kuomba mumewe atambuliwe kuwa amekufa, na hapo, ndani ya faili, jina lake litaandikwa kwa ukamilifu.